Yai Lililoitikia Jina

Mwenye mtoto mchanga amweke titini kwanza, na mwenye mtoto mkubwa amwambie atoe mkono mfukoni. Haya.

Siku hiyo mtoto aliendelea kulia na yai likanyamaza. Ilitakiwa iwe kinyume. Aluoch aliliona jambo hilo, akaliona vizuri kabisa, kisha akageukia sufuria kwa sababu uji ulikuwa unafurika. Mwanamke mwenye mambo mengi huona kitu kibaya akakiweka kando, akidhani kitamngoja. Kilimngoja.

Yai lenyewe lilitoka Kawangware. Aluoch alikuwa akifua nguo kwa Wakarima, mwenye ploti, aliyekuwa na safu za vyumba vya kupangisha huko nyuma na nyumba yake ya mawe mbele, yenye geti. Wakarima hakuwa mtu wa kutoa. Hata maji ya kusuuzia alitaka yamwagwe kwenye sukuma wiki yake, na sabuni ikibaki kama ukucha alitaka aione. Kwa hivyo binti yake Ciru alipomshika Sella, msichana wa Aluoch, akamtia mkononi kitu cha plastiki cha rangi ya waridi, chenye umbo la yai na kidirisha cha kioo katikati, Aluoch alimtazama mama mtu kwanza.

"Achukue tu," Wakarima akasema. "Ciru anaenda bodingi, huko hawataki hizo vitu. Na mimi kamenichosha na kulia. Mjomba wake ndiye alikatoa Dubai. Sijui kwa nini hakuleta viatu."

Ciru akainama karibu na Sella. "Ona. Huyu ndani ni kamtoto. Hii batani ya kushoto ni ya kumpa chakula, hii ya katikati ni ya kumsafisha akienda choo, hii ni ya kumzimia taa alale. Akitaka kitu analia mara tatu, halafu ananyamaza anakungoja. Ukimwacha, anakufa."

"Anakufa kabisa?"

"Anakufa, anakuwa kamalaika. Halafu unafinya hizi mbili pamoja, yai linatokea tena, unaanza kulea upya. Yangu imekufa mara mingi. Hata haisikii."

"Na anaitwa nani?"

"Hana jina. Wewe mpatie."

Ilikuwa mwaka ule wa mvua ya El Niño, mbingu ilipopasuka na maji ya vyoo na wanadamu wakatembea pamoja barabarani. Walirudi Kibera kwa miguu, wakakatiza Ngong Road, Aluoch na mtoto mchanga mgongoni, Sella nyuma yake akiwa amelifunga yai mgongoni mwake kwa kitambaa cha kichwa, akilibembeleza. Aluoch alicheka. Alikuwa bado anacheka wakati huo.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha mabati pale Kianda, pazia katikati, kitanda upande huu na jiko upande ule. Mumewe, Ouma, alifanya kazi ya mjengo, na mvua ilipokuwa hainyamazi mjengo nao ulilala, kwa hivyo Ouma alishinda mlangoni akitazama maji yakipita kama mtu anayetazama mpira. Mama yake alikuwa amefika kutoka Siaya kumwona mjukuu. Sella alimwita Dani, kama wajukuu wa kwao wanavyowaita bibi zao. Aluoch alimwita Mama. Yeye alimwita Aluoch nyar Ugenya, binti wa Ugenya, na hakumruhusu asahau kwamba huko Ugenya wanapika samaki vibaya.

Dani alifika, akamchukua mtoto, akamgeuza huku na huku kama anayenunua kabichi. "Anaitwa nani?"

"Whitney," Ouma akasema, akitazama pembeni.

"Witini. Katika watu wetu waliokufa, Witini ni yupi?"

"Mama, ni jina la siku hizi. La redioni."

"Kwa hiyo aliyerudi nyumbani kwangu ni redio."

Kwao, mtoto hapewi jina hivi hivi tu. Mtoto akilia bila homa na bila njaa, mtu mzima wa nyumba humpakata, akamtajia majina ya waliotangulia, moja moja, polepole. Jina ambalo akilisikia ananyamaza, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi, na mtoto hupewa jina hilo, na mzee aliyekufa hupumzika. Lakini si kila aliyekufa hutajwa. Aliyejinyonga hatajwi. Mchawi hatajwi. Na binti aliyekufa bila kuolewa, ambaye kaburi lake liko nje ya ua wa boma, huyo hurukwa kimya, kama unavyomruka mlevi aliyelala njiani.

Basi jioni moja, mvua ikiyapiga mabati hata mtu anapiga kelele ndipo asikike, mtoto alianza kulia na akakataa titi. Chini ya mto wa Sella yai nalo lilikuwa linalia, mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Sella alikuwa ametumwa mafuta ya taa na hakuna mwingine aliyejua kulilisha. Dani akampakata mtoto. Akafumba macho.

"Ni wewe, Osewe? Ni wewe, Nyangi? Ni wewe, Abong'o, uliyekuwa mkali?"

Mtoto analia. Yai linalia. Uji unapanda. Dani alitaja mpaka majina yakamwishia, na sauti yake ikaanza kuchoka, ikashuka, ikawa kama ya mtu anayeongea na mtu mmoja tu chumbani. Na pale chini, Aluoch akamsikia akisema jina ambalo hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Ni wewe, Awiti?"

Yai lilinyamaza. Lilinyamaza katikati ya mlio, kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni.

Mtoto aliendelea kulia.

Uji ukafurika.

*

Awiti alikuwa dada mkubwa wa Ouma. Aluoch hakumkuta. Alijua tu kwamba huko Siaya, nyuma ya ua wa boma, kulikuwa na mahali palipoinuka kidogo, pasipo msalaba, na kwamba mbuzi walikula hapo bila kufukuzwa. Alijua pia, kwa sababu majirani hawakosi midomo, kwamba Awiti alifia chumba hiki hiki cha Kianda, akikohoa, amepakwa dawa ya kuchua kifuani, akiomba uji, na ndugu yake yuko mjengoni. Ouma hakuwahi kulizungumza.

Yai sasa likawa na adabu. Lilikuwa likilia Sella akiwa karibu, halikulia akiwa shuleni. Kile kitu kidogo cha ndani, ambacho mwanzoni kilirukaruka kama kifaranga, kilihamia pembeni mwa kioo na kukaa hapo kimegeuka, mgongo nje.

"Dani, mbona hageuki?" Sella aliuliza.

"Amechoka, nyathina," Dani akasema. Mtoto wangu, ndiyo maana yake. Aluoch alifikiri anamwambia Sella.

Kisha maziwa yakaanza. Kila mara Sella alipofinya batani ya chakula, Aluoch alihisi kifua kinavuta, kile kivuto ambacho kila aliyenyonyesha anakijua, maziwa yanashuka. Akawa anajishika haraka asilowe. Hakulowa. Maziwa yalishuka, yakaenda, na nguo ikabaki kavu. Na akimweka mtoto titini, mtoto ananyonya upepo, anaachia, anamtazama kama mtu aliyedanganywa.

Mtoto akapungua. Kliniki, nesi alimwinua kwenye mzani mara mbili kwa sababu hakuamini mara ya kwanza. "Mama, wewe unakula?" akauliza. "Au unafua za watu tu?" Ungemwambia nini? Kwamba kuna yai linakula?

Na nyumba ikaanza kunuka. Si kunuka kwa mtaro. Mtaro wote waliuzoea. Hii ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua, kali, ya kuingia puani na kutoka na machozi, na chini yake harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Ouma akiingia aliisikia, akasimama mlangoni, akarudi nje kwenye mvua.

"Baba Sella, unasikia?" Aluoch alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sisikii kitu."

"Basi mbona huingii?"

Alfajiri moja, kabla ya redio ya jirani kuanza, Aluoch aliamshwa na sauti ya kunyonya. Akanyoosha mkono kumshika mtoto, akamkuta, amelala, baridi kidogo, mdomo wazi na mkavu. Sauti ikaendelea. Ilitoka upande wa pili wa pazia, mlio ule wa ulimi na koo ambao hauna kingine unachofanana nacho, na Aluoch akaamka polepole, akaweka mguu sakafuni, akasogeza pazia kwa kidole, na katika mwanga mdogo wa koroboi akamwona mama mkwe wake ameketi juu ya kigoda, gauni limefunguliwa kifuani, lile titi la zamani lililokauka kabla Aluoch hajazaliwa limetolewa nje, na mkononi amelipakata yai, amelishikiza pale, kidole gumba kikibonyeza, kikibonyeza, na anaimba kwa sauti isiyofika hata kwenye jiko, wimbo wa kumlaza mtoto, na kila anapobonyeza ni kifua cha Aluoch kilichovuta, cha Aluoch, aliyesimama hapo na pazia mkononi na maziwa yake yakimtoka kwenda mahali asipopaona.

"Mama," akanong'ona.

Dani hakushtuka. "Nyamaza, nyar Ugenya. Ndiyo anasinzia."

"Mama, nani?"

"Alikufa na njaa. Unajua hivyo? Mtoto wangu alikufa na njaa kwenye hiki chumba, na hakuna aliyemtaja tena. Sasa anakula."

"Anakula wangu!"

"Wako ana wewe," Dani akasema, akafunga gauni.

*

Asubuhi hiyo Aluoch alilinyakua yai akalipeleka kwa Shivachi, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda chake palepale Kianda, mtu wa mzaha mwingi na meno machache.

"Mama Sella, hata kuku umeanza kurepea?"

"Toa betri, Shivachi."

Akafungua kwa bisibisi, akatoa vibetri viwili vidogo kama vifungo vya shati, akaviweka mezani. Akalisukuma yai kwake. "Haya. Sasa ni jiwe."

Yai likalia mara tatu. Likanyamaza likingoja.

Shivachi aliangalia betri mezani. Akaangalia yai. Akachukua betri akazitia ndani ya mkebe wa kahawa, akaufunga kifuniko, kana kwamba zilikuwa zinadanganya. Yai likalia mara tatu.

"Mama Sella," akasema, na hakuna mzaha tena, "toa hiyo kitu hapa. Nina watoto."

Basi wakamwita Mzee Farajala. Kila mtu Kibera alimjua. Mnubi wa Makina, mzee msafi, mrefu, kofia nyeupe hata matope yafike magotini, na majini aliyoyatoa katika nyumba za watu hayahesabiki, ya Wakristo kwa Waislamu. Ouma alimtandikia mkeka. Dani alikaa kitandani na kuangalia ukuta. Sella alilazimishwa alete yai, akaliweka mkekani juu ya kipande cha kitambaa, na Mzee Farajala akachoma ubani, akasoma, muda mrefu, kwa sauti laini, na chumba kikatulia kiasi kwamba Aluoch alisikia mtoto akipumua, pumzi ndogo zinazokwaruza.

Kisha akaacha. Akaweka kidole chake kirefu karibu na kioo bila kukigusa.

"Hili jina alipewa na nani?"

Sella akamtazama bibi yake.

"Sikieni, wanangu," Mzee Farajala akasema. "Jini ana kwao. Ana bahari, ana mti, ana jangwa, ana wenziwe wanaomngoja. Mimi kazi yangu ni kumwambia, rudi kwenu. Huyu niliyemkuta hapa si jini. Huyu ni mtu. Ameitwa kwa jina, na mtu mwenye haki ya kumwita, ndani ya chumba alichokata roho. Nimwambie arudi wapi? Hapa ndipo kwao."

"Basi tufanye nini, Mzee?" Ouma akauliza.

Mzee Farajala alikunja mkeka mwenyewe. Maji aliyopewa hakuyagusa. "Huyo ni wenu," akasema. "Lakini msimwache kwenye kitu kisicho na tumbo. Asiye na tumbo hashibi." Akainama mlangoni, akatoka.

Aluoch hakungoja kushauriana na mtu. Aliokota yai kwa ncha za kitambaa, akatoka nalo mvuani, kichwa wazi, akashuka mpaka jalala la kando ya reli, ambako watu wa vitongoji vya Kianda na Raila hutupa kila kitu wasichokitaka, na akalirusha kwa nguvu zote juu ya lile rundo, juu ya maganda na nailoni na manyoya ya kuku. Alilisikia likitua. Alisikia likilia, mara tatu. Akageuka, akakimbia, na viatu vyake vikabaki kwenye matope, na hakuvirudia.

Nyumbani Dani alimwuliza, "Umelipeleka wapi?"

"Nimetupa."

Hapo ndipo uso wa Dani ulibadilika. Alikuwa mwanamke mweusi wa kung'aa, na ngozi yake ikawa kama jivu la kuni. "Umemtupa," akasema. "Jalalani?"

"Jalalani. Na usiniambie kitu."

"Ee, nyar Ugenya. Ee, mtoto wa watu. Hukuuliza mtu."

Na mlango ukabishwa.

Alikuwa mwanamke mzee ambaye hakuna aliyemjua, wala kabla wala baadaye, na waliulizia sana. Leso yake ililoa na kumganda. Hakuingia. Alinyoosha mikono yote miwili kama mtu anayekabidhi kitu kinachovunjika, na ndani ya viganja vyake, limesafishwa na mvua, ni yai.

"Nimeokota mtoto jalalani," akasema. "Analia. Kama ni wenu, mpokeeni. Kama si wenu, ni wangu."

Dani alijibu kabla ya yeyote kuvuta pumzi. Maneno yalimtoka kama mtu anayeitikia sala kanisani. "Ni wetu. Umemwokoa. Tumempokea."

Akalipokea. Mlango ulipofungwa aliketi chini sakafuni, pale pale, miguu mbele kama msichana.

"Hayo maneno," akasema, "niliyasema mimi. Kabla yake nilizaa nikazika, nikazaa nikazika. Kwetu ikiwa hivyo, mtoto anayezaliwa hutupwa. Unamweka jalalani, umwonyeshe kifo kwamba humtaki. Na mwanamke mzee anapita, mmepatana, anamwokota, anakuja anabisha mlangoni kama hakujui, anasema hivyo alivyosema huyu. Ndiyo maana akaitwa Awiti. Aliyetupwa. Kutupwa ndiko kulikompa uhai, nyar Ugenya. Wote wa mwanzo niliwashika kwa mikono miwili, wakafa. Huyu nilimtupa, akaishi." Akaliangalia yai. "Sasa umemtupa mara ya pili."

Kioo kiliwaka ndani ya kiganja chake. Kile kitu cha ndani kilikuwa hakijakaa pembeni tena. Kilikuwa katikati, na kilikuwa kimegeuka mbele. Aluoch alikiona. Hakuwahi kumwambia mtu alichokiona, hata Ouma, hata padri. Alisema tu kwamba vitone vile ni vichache mno kufanya uso, na ulikuwa uso.

Kitandani, mtoto alikohoa.

Watoto wa umri ule hawakohoi hivyo. Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kizito, cha kutoka chini, na baada yake harufu ile ya dawa ya kuchua ikajaa chumba mpaka Sella akafunika pua, na Aluoch akamrukia mtoto akamwinua, na shingo ya mtoto ikaanguka nyuma, macho nusu, na mikono baridi, baridi, na yai likalia, na mtoto akafungua mdomo na hakutoa sauti, na yai likalia, na tumbo la mtoto likaingia ndani kama linavutwa na uzi kutoka upande mwingine, na Ouma amesimama anasema, "Mama, fanya kitu, Mama, wewe ndiye ulimwita," na Dani analia machozi bila kuachia yai, kwa sababu nani ataachia, ulishawahi kuzika mtoto ukarudishiwa mlangoni ukaachia?

Aluoch hakuwa na mtu wa kumwomba. Alikumbuka neno la Mzee Farajala juu ya tumbo. Akakaa kwenye kitanda, akamweka mtoto kifuani, akafunga macho kama alivyomwona Dani akifanya.

"Awiti," akasema.

Ouma akashtuka. "Mama Sella, hapana! Hilo jina halipewi mtu."

"Nyamaza. Ulipokuwa unatoa majina redioni nilinyamaza." Akainamia sikio la mtoto. "Awiti. Unanisikia. Mimi sikukujua na sikukunyima. Hicho kitu hakina tumbo, toka humo. Njoo hapa. Hapa kuna tumbo, kuna mdomo, kuna mama. Kula na mtoto wangu, usimle. Jina ni lako. Awiti, njoo."

Mvua ilipiga. Yai lililia mara moja. Halikumaliza tatu.

Mtoto akashika titi kwa nguvu hata Aluoch akajiuma mdomo. Akanyonya na kumeza, na maziwa yalikwenda yalikotakiwa kwenda. Mkononi mwa Dani kioo kilikuwa cheupe, kitupu, kama jicho lililopofuka.

*

Dani alirudi Siaya anaimba. Aliacha yai mezani kama ganda. Ouma alichinja kuku, akajifanya jina la Awiti alilitaka tangu mwanzo. Mvua ikakatika, jua likatoka, matope yakawa vumbi, na mtoto akanenepa. Nesi alimpima akafurahi. "Umeanza kula, mama?"

Mwenye akili angetosheka hapo. Aluoch alitosheka, karibu. Ila kuna siku alijikamua, akaona hana tone. Alikuwa amekauka, na hakujua tangu lini, kwa sababu mtoto alikuwa hajaomba titi kwa muda mrefu na alikuwa mzito mgongoni kama gunia la viazi.

Basi likizo ilipofika, alikuwa Kawangware akifua mablanketi ya Wakarima, mchana kweupe, jua limetandaza chini kivuli cha kamba za nguo. Sella amekaa kwenye ngazi na mtoto magotini. Mtoto akalia. Alilia mara tatu, fupi, sawasawa, akanyamaza. Akangoja. Akalia mara tatu.

Mikono ya Aluoch ilisimama ndani ya povu.

Sella hakutafuta chupa wala kumbeba. Hata hakumtazama, alikuwa anatazama kipepeo. Alishika tu kiganja cha mtoto, akakigeuza, akabonyeza kwa kidole gumba, upande wa kushoto. Mara moja. Mara mbili. Mtoto akameza. Hakuna aliyempa kitu, mdomo ulikuwa mtupu, na koo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka. Kisha akacheua, na upepo ukaileta harufu kwa Aluoch, mpaka kwenye beseni: dawa ya kuchua, na udongo mbichi.

"Ameshiba," Sella akasema, bila kumwambia mtu.

Geti likalia, Ciru akaingia na sanduku lake la bodingi. Akamwona Sella akacheka. "Niaje, Sella! Kale kamtoto kangu? Najua kalikufa. Kalikufa, si ndiyo?"

"Hapana," Sella akasema. "Kamekua."

Na mtoto akageuza kichwa, polepole, akamtazama Ciru aliyemwacha afe mara mingi.

Aluoch akainamia beseni, akaendelea kusuuza, kwa sababu mablanketi ya watu hayawezi kuachwa kwenye sabuni.